Umeme Upite, Haki Isirukwe

(Hotuba iliyotolewa mbele ya waumini na wanaharakati mjini Nyeri)



Maji ya Mlima Kenya na Nyandarua huteremka hadi Mto Tana. Yamezungusha mitambo ya Kindaruma tangu 1968, kisha ya Kamburu, Gitaru, Masinga na Kiambere. Umeme huo uliiangaza Nairobi kwa miaka mingi, huku wazazi wetu wakisoma Biblia kwa koroboi.

Sipingi nyaya mpya. Viwanda vya majani chai, hospitali na karakana zetu zinauhitaji umeme. Tangu Novemba 2022 Kenya imekuwa ikiununua hata kutoka Ethiopia, kwa njia ya zaidi ya kilomita 1,000 hadi Suswa. Swali langu ni moja: mwenye shamba aliulizwa?

Itazameni njia ya Loiyangalani hadi Suswa, kilomita 428, inayopita Samburu, Laikipia na Nyandarua. Mitambo ya upepo ya megawati 310 ilikuwa tayari 2017, lakini njia ilikamilika 2018. Mkandarasi alifilisika, na migogoro ya fidia ya ardhi ikachelewesha kazi. Mabilioni ya shilingi yakadaiwa kwa umeme usiomfikia mtu. Kisha 2021, Mahakama ya Mazingira na Ardhi ya Meru ikaamua kwamba hati za ardhi ya mitambo hiyo zilipatikana kinyume cha sheria. Wanaosema kumsikiliza mwananchi ni kupoteza wakati, na wapige hesabu upya.

Kifungu cha 40 cha Katiba ya 2010 kinataka anayenyang'anywa ardhi alipwe fidia ya haki, kamili na bila kukawia, na kinamfungulia mlango wa mahakama. Hata aishiye pale kwa nia njema bila hati aweza kufidiwa. Kifungu cha 35 kinampa haki ya kupata habari.

Basi mpimaji akija na karatasi, msitie sahihi kwa haraka. Mwulizeni ramani, kiwango cha fidia na tarehe ya malipo, yote kwa maandishi. Kila kanisa liweke daftari la watakaoguswa, na mjane asiye na hati aandikwe wa kwanza.

Mwaka 1991 wazazi wetu walikiondoa kifungu cha 2A ili chama kimoja kisiamue peke yake. Tusikubali leo mpimaji aamue peke yake shambani.