Kabla ya Kupandisha Kifurushi, Angalia Ruta: Maneno kwa Wakazi wa Mji wa Kale



Nyaya za baharini za TEAMS na SEACOM zilifika hapa Mombasa mwaka wa 2009. Leo fundi wa kampuni anakuvutia faiba hadi sebuleni, anatundika ruta karibu na mlango kwa sababu ndipo waya wake ulipoishia, anaenda zake. Wiki haijaisha, mtoto anayesomea chumba cha nyuma analalamika, nawe unalipia kifurushi kikubwa zaidi. Ngoja kwanza.

Nyumba zetu za mawe ya matumbawe zina kuta nene, na mawimbi ya ruta hufifia humo. Ruta nyingi zina mawimbi ya aina mbili: ya gigahezi 5 yana kasi lakini hayafiki mbali, ya 2.4 ni ya polepole, ila hupenya ukuta vizuri zaidi. Pima kasi ukiwa kando ya ruta, kisha chumbani. Kando ya ruta ukipata unacholipia, laini ni nzima. Mwambie fundi aisogeze katikati ya nyumba, mahali palipoinuka. Waya wa ziada hulipiwa mara moja. Kifurushi, kila mwezi.

Lakini kasi ikiwa duni hata hapo kando, dai haki yako kwa kampuni na uweke nambari ya malalamiko. Wasipokusikiza, peleka kwa Mamlaka ya Mawasiliano.

Uliza pia kama ruta ni yako au ya kampuni, maana ukihama unaweza kudaiwa.

Karibuni kwa maswali.