Mfungo wa Kwaresima na mshahara wa dada wa kazi

Kila unapofika wakati huu wa Kwaresima, swali linalozunguka katika jumuiya zetu ndogo ndogo huwa ni moja: mwenzangu, mwaka huu umeacha nini? Huyu ameacha bia. Yule ameacha soda. Mwingine ameacha sukari katika chai, na kila anapokunywa anakunja uso ili sote tuone anavyoteseka. Yupo jirani yangu aliyetangaza mbele ya watu kwamba ameacha mambo ya mpira hadi Pasaka, ingawa siku timu yake ilipocheza niliisikia redio yake ikinong'ona chini ya kitanda. Hayo ni yake na Mungu wake.

Kwa wasikilizaji ambao si wa upande wetu, nieleze kidogo. Kwaresima huanza Jumatano ya Majivu. Siku hiyo asubuhi ukipanda daladala utawaona watu wenye alama nyeusi katika paji la uso, karani na mbeba mizigo, wote wamepakwa majivu yale yale yanayotokana na matawi yaliyobarikiwa Jumapili ya Matawi ya mwaka uliopita. Kuanzia siku hiyo hadi Jumamosi Kuu ni siku 46. Ukiziondoa Jumapili sita, ambazo hazifungwi, unabaki na 40. Hesabu hiyo ni ya zamani sana, kwani Mtaguso wa Nikea wa mwaka 325 unaitaja katika kanuni zake kama jambo ambalo watu tayari walilijua.

Zamani mfungo ulikuwa mkali. Mwaka 1966 Papa Paulo wa Sita alilegeza, na leo Mkatoliki analazimika kufunga kwa siku mbili tu, Jumatano ya Majivu na Ijumaa Kuu, kuanzia umri wa miaka 18 hadi anapoingia mwaka wake wa 60. Na huko kufunga kwenyewe ni kula mlo mmoja kamili, pamoja na viwili vidogo ambavyo vikijumlishwa havifikii ule mkubwa. Nyama haliwi Ijumaa, basi.

Katekista wetu alipokuwa akiyaeleza hayo katika jumuiya, bibi mmoja, mjane anayeuza mkaa kwa makopo, alinyosha mkono. "Samahani mwalimu," akasema, "huo mlo mmoja mkubwa na miwili midogo, ndiko kufunga? Mbona kwangu mimi hiyo ni sikukuu?" Tulicheka sana. Halafu kicheko kikakatika, kwa sababu bibi yule hakuwa anatania. Vijana wa mjini wanauita mtindo huo pasi ndefu, yaani unakula mara moja, saa tisa au saa kumi, na chakula hicho kikusukume hadi kesho yake saa kama hiyo. Wapo wengi wanaopiga pasi ndefu mwaka mzima bila kupakwa majivu na mtu yeyote.

Na kuna hili la samaki. Mtu ameacha nyama siku ya Ijumaa kwa ajili ya toba, anakwenda Feri mwenyewe, anachagua changu aliyenona, anarudi nyumbani anampika kwa nazi na pilipili mbuzi, anasaza kwa ajili ya usiku. Changu yule bei yake imezidi kilo nzima ya nyama. Sheria haikuvunjwa. Lakini sijui kama nyama ndiyo iliyokuwa na tatizo.

Wenzetu Waislamu wanatuzidi kwa ukali wa saumu, na tusione haya kulisema. Mwaka 2025 Jumatano ya Majivu iliangukia tarehe 5 Machi, siku chache tu baada ya Ramadhani kuandama, na watu wa makamo watakumbuka kwamba mwaka 1993 ilitokea vivyo hivyo mwezi wa Februari. Mfungo huu na ule ukienda pamoja, mitaa yetu hubadilika kabisa. Mama ntilie hapati wateja mchana, muuza kahawa anahamia usiku. Nilifurahi kuona majirani wanaulizana hali ya mfungo juu ya ua wa mabati. Lakini leo sikuja kuzungumzia chakula.

Katika mtaa mmoja wa jiji hili la Dar es Salaam kuna mama mmoja, mtu wa sala, mwimbaji wa kwaya, ambaye Njia ya Msalaba haimpiti. Yeye mwenyewe ameniruhusu nilisimulie jambo hili, mradi nisitaje jina wala mtaa. Nyumbani kwake yupo dada wa kazi, binti wa miaka 19 kutoka Singida. Alifika mwezi wa Juni. Walipatana shilingi 80,000 kwa mwezi, kulala na kula humo humo. Mwisho wa mwezi wa kwanza mama akamwambia: "Wewe bado mgeni wa mji, fedha utaibiwa. Nakutunzia." Binti akaitikia, "Asante mama."

Msikilizaji, neno hilo "nakutunzia" nimelisikia katika nyumba nyingi mno, na si mara zote ni uongo. Wapo kina mama wanaotunza kweli, wanaandika katika daftari, na siku msichana anapoondoka anakabidhiwa fedha yake yote na doti ya khanga juu yake. Hao nawavulia kofia. Tatizo ni pale kinachotunzwa kinapokuwa ni maneno matupu.

Miezi ikapita. Kufikia mwisho wa Februari ilikuwa tisa, yaani shilingi 720,000. Katika hizo binti alikuwa amepokea 70,000, kwa ndala, mafuta ya kupaka na nguo ya Krismasi. Alikuwa anadai 650,000. Mwezi wa Januari mama yake alikuwa amempigia simu kutoka kijijini: mdogo wake wa kiume amechaguliwa kuingia kidato cha kwanza. Ada, kama tujuavyo, ilifutwa tangu mwaka 2016 hadi kidato cha nne. Lakini sare haikufutwa. Viatu havikufutwa, wala madaftari. Binti alimwomba mama mwenye nyumba mara ya kwanza, akaambiwa subiri mwisho wa mwezi. Akaomba mara ya pili, akaambiwa mbona una haraka, kwani hapa unalala njaa? Hakuomba mara ya tatu. Wenzake kule walikwisha kuanza masomo, yule kijana akawa anachunga mbuzi.

Ndipo Kwaresima ikaingia. Zikagawiwa zile bahasha za sadaka, kila nyumba yake. Mama yule aliiweka bahasha juu ya friji, na kwa kweli aliiheshimu. Ile soda ambayo haikununuliwa, thamani yake ilitiwa mle. Nyama ya Ijumaa nayo vile vile. Baada ya wiki mbili ilikuwa na shilingi 30,000, akaona si vema kukaa na fedha ya Mungu ndani, akamtuma dada wa kazi aipeleke kwa mwenyekiti wa jumuiya.

Mwenyekiti hakuwepo, aliyeipokea ni mkewe. Binti akamwamkia, akampa bahasha kwa mikono miwili, kisha akauliza kwa adabu tu, kama mtu anayetaka kujua: "Mama, hizi fedha zinakwenda kwa maskini wa wapi?"

Yule mama alijibu kwamba parokia ndiyo inayopanga, wagonjwa, wajane, watoto wasio na sare za shule. Aliposikia sare za shule, binti akaanza kulia. Ndivyo habari ilivyotoka.

Mwenyekiti na mkewe walifanya jambo la busara, hawakulipeleka suala hili katika mkutano wa jumuiya. Walikwenda nyumbani kwa yule mama jioni, wawili tu, wakakaa naye. Mwanzoni aliwaka. "Huyu binti ni kama mwanangu," alisema. "Anakula ninachokula mimi, anaoga sabuni ninayooga mimi, analala chumba kimoja na wanangu. Nani kasema namdhulumu? Fedha zake zipo."

Zilikuwa wapi? Hazikuwepo. Zilikwenda chuoni kwa mwanawe mkubwa, zilikwenda katika LUKU, zilikwenda katika mchango wa harusi ya mpwa wake, na nyingine hata yeye hakumbuki. Na kabla hatujamrukia mama huyu, tusikilize upande wake: mahali anapofanya kazi hawakulipwa kwa miezi miwili mfululizo. Kila siku anaambiwa subiri. Aliyekuwa anaambiwa subiri ofisini akafika nyumbani akamwambia mwenzake subiri.

Nimelifikiria jambo hili kwa muda, na ninavyoona mimi, mama huyu hana roho mbaya. Shida ni mpangilio wa foleni. Fedha inapokuwa kidogo, kila nyumba ina foleni ya wanaostahili kulipwa. Wa kwanza ni LUKU, kwa sababu umeme ukiisha giza halina subira. Kisha mwenye nyumba, maana anaweza kukutoa nje. Kisha shule, maana mtoto atarudishwa. Kisha mangi wa duka la kona, maana atafunga daftari la mkopo na atakusema. Michango ya harusi nayo imo, kwa sababu ya aibu. Dada wa kazi anasimama mwisho kabisa. Yeye hakati umeme. Hana pa kwenda. Hata akinuna, uji wa watoto atapika, na usipomlipa leo kesho asubuhi utamkuta anafagia uwanja.

Nabii Isaya, sura ya 58, alilikuta jambo hili hili. Watu wake walikuwa wanalalamika kwa Mungu: tunafunga, mbona huoni? Wakajibiwa kwamba siku hizo hizo za kufunga walikuwa wanawakandamiza wafanyakazi wao. Kumbukumbu la Torati, sura ya 24, inaamuru maskini alipwe ujira wake siku ile ile, kabla jua halijachwa, kwa kuwa roho yake yote iko pale. Mtume Yakobo anasema ule ujira uliozuiwa una sauti, nao unalia. Na waliosoma madrasa wanajua kwamba Mtume Muhammad alifundisha mfanyakazi alipwe kabla jasho lake halijakauka. Katika jambo hili sisi na jirani zetu hatuna hata nukta ya kubishania.

Serikali nayo ina neno lake. Amri ya kima cha chini cha mshahara ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Januari 2023, iliweka shilingi 60,000 kwa mwezi kwa mfanyakazi wa nyumbani anayeishi kwa mwajiri wa kawaida, na 120,000 kwa yule anayekuja na kuondoka. Viwango hivi hupitiwa upya kila baada ya muda, kwa hiyo ulizia kipya. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mfanyakazi saa 24 za mapumziko kila wiki na siku 28 za likizo yenye malipo kwa mwaka. Ukiwauliza wasichana wa kazi kumi wa mtaani kwako siku yao ya mapumziko ni ipi, wengine watadhani unawachekesha.

Na hilo la "kama mwanangu" nalo nilitazame. Mwana wa yule mama yuko chuoni. Sisemi zaidi.

Basi mazungumzo yale yalikwisha hivi. Mama alinyamaza kwa muda mrefu, akamwita binti, akamketisha kwenye kochi, mahali ambapo kwa miezi tisa alikuwa akipafuta vumbi tu. Akamwambia deni lote kwa tarakimu mbele ya mwenyekiti. Bahati nzuri zamu yake ya mchezo wa upatu ilikuwa inafika wiki ile. Alilipa 400,000 papo kwa papo alipoipokea, na 250,000 zilizobaki wakaandikiana karatasi kwamba zitalipwa kwa awamu mbili, mwenyekiti akatia sahihi kama shahidi. Kuanzia mwezi huo mshahara unaingia katika simu ya binti mwenyewe.

Likabaki suala la ile bahasha ya shilingi 30,000. Mwenyekiti alitaka kuirudisha ili iongezwe katika deni. Katibu wa jumuiya akakataa katakata, akasema sadaka ikishatolewa hairudi, na kwamba tukianza mtindo huo kila mtu atakuja kudai yake. Wamebishana Alhamisi mbili. Mimi nilikuwa upande wa mwenyekiti, na bado nipo. Sadaka iliyotoka katika fedha ya mtu mwingine haijawa yako kuitoa. Lakini katibu ni mzee kuliko mimi, na bahasha ilikwisha kwenda parokiani.

Binti alikwenda kwa wakala wa simu pale gengeni, akauliza makato kwanza, akatuma 300,000 nyumbani. Viatu alitaka kuvinunua yeye mwenyewe hapa mjini, akavipeleka kwa basi la Singida. Mdogo wake aliripoti shule wiki ya nne ya Kwaresima, amevaa viatu vinavyomzidi namba moja, kwa kuwa dada yake alikuwa hajamwona tangu Juni na alikisia mguu.