Mguu Mmoja Ukivimba kwa Mgonjwa wa Saratani



Mgonjwa wa saratani iliyosambaa akivimba mguu mmoja, jamaa huleta mafuta wamkande. Asikandwe. Huenda damu imeganda ndani ya mshipa, na bonge hilo likichomoka hadi kwenye mapafu, pumzi humkatika ghafla, anaweza kufa. Apelekwe hospitalini siku hiyo hiyo.

Wengine huuliza: asumbuliwe kwa nini, na saratani haitapona? Ni kwa sababu mguu unaouma na kukosa pumzi ni mateso, na mateso hayo yana dawa.

Zamani ilikuwa warfarini, kidonge kinachotaka damu ipimwe kila mara, tena kinachogongana na dawa nyingine, hata na sukuma wiki. Utafiti wa wagonjwa 676 uliochapishwa mwaka 2003 ulionyesha kuwa waliotumia warfarini, asilimia 17 waliganda damu tena katika miezi 6. Waliodungwa dalteparini chini ya ngozi kila siku, asilimia 9. Siku hizi kuna vidonge kama apiksabani, ila kwa baadhi ya saratani za umio na tumbo, ambazo hutoka damu upesi, daktari anaweza kuchagua sindano.

Choo kikiwa cheusi au akitapika damu, arudishwe hospitalini mara moja.

Siku za mwisho zikifika na sindano ikabaki kuwa maumivu tu, daktari anaweza kuulizwa kama iachwe. Mgonjwa akiweza kusema, aulizwe yeye kwanza.