Kuandikishwa si Kuhudhuria

(Hotuba iliyotolewa mbele ya walimu na watumishi wa umma katika semina ya matumizi ya programu za kompyuta na simu)



Nimeombwa nizungumze juu ya istilahi wanazotumia watengenezaji wa programu wanapoeleza jinsi watu wanavyokipokea chombo kipya, wanavyodumu nacho au wanavyokiacha. Wengi wetu tukizisikia kwa lugha ya kigeni hudhani kuwa hiyo ni elimu ya wataalamu wa mbali. Nia yangu leo ni kuonyesha kwamba sivyo. Takriban kila moja ya istilahi hizo ina jina ambalo mwalimu amelitumia miaka yote, nalo limo katika daftari lake la mahudhurio.

Neno la kwanza ni uandikishaji. Mtu akijaza jina lake na kupewa neno la siri, ameandikishwa. Lakini hajatumia kitu. Tazameni hesabu za GSMA, chama cha kimataifa cha makampuni ya simu. Mwaka 2023 akaunti za fedha kwa simu zilizosajiliwa duniani zilikuwa bilioni 1.75. Zilizotumiwa angalau mara moja katika siku 30 zilikuwa milioni 435. Yaani katika kila akaunti 4, iliyokuwa hai ni moja.

Tusiwacheke wenye makampuni, kwa maana nasi tumo. Miaka michache iliyopita nilishiriki kuandika taarifa juu ya programu ya kuhifadhi kumbukumbu za wanafunzi. Tuliandika kwamba shule zote za eneo letu zimeunganishwa, na ilikuwa kweli. Muhula uliofuata nilizitembelea baadhi ya shule hizo. Nilikuta maneno ya siri yamenakiliwa vizuri nyuma ya majalada, na kumbukumbu zenyewe zikiandikwa kwenye karatasi kama zamani. Sikuwa nimesema uongo, ila nilikuwa nimehesabu kisichostahili kuhesabiwa.

Neno la pili ni ukaribishaji, yaani jinsi mgeni anavyopokewa na kuonyeshwa njia. Na la tatu ni kuonja, yaani ile saa anapoiona faida kwa macho yake mwenyewe. Haya mawili hayatengani. Mwaka 2005 M-Pesa ilipoanza kujaribiwa nchini Kenya na makampuni ya Vodafone na Safaricom, shabaha ilikuwa kuwawezesha wakopaji wadogo kulipa mikopo yao kwa simu. Katika majaribio hayo watu walionekana wakitumiana fedha wao kwa wao. Wahusika hawakuwakemea, walijifunza kutoka kwao. Huduma ilipozinduliwa Machi 2007, wananchi walielezwa jambo moja jepesi, nalo ni kupeleka fedha nyumbani. Mkaribishaji hakuwa kitabu cha maelezo, bali wakala wa dukani aliyemwandikisha mteja, akapokea fedha zake na kumwelekeza vitufe vya kubonyeza. Saa ya kuonja ilifika pale kijana aliye mjini alipompigia simu mama yake kijijini, na mama akajibu kwamba fedha amekwisha kuzipokea.

Huduma hiyo hiyo ililetwa Tanzania na Vodacom mwaka 2008. Baada ya miezi 14 ilikuwa na wateja wapatao 280,000, hali ile ya Kenya kwa muda kama huo ilikuwa na wateja milioni 2.7. Chombo kilikuwa kile kile. Lakini Kenya kampuni moja ilishika sehemu kubwa ya soko, na hapa kwetu makampuni yalishindana. Isitoshe, kuwapata mawakala wa kutosha na kuwaelimisha wananchi kulichukua muda zaidi. Kwa hiyo mtu asipokitumia chombo, tusiwe wepesi kumwita mshamba. Tuulize kwanza ni nani aliyemkaribisha, na je, alipata kuonja?

Neno la nne ni udumifu, na kinyume chake ni utoro. Walimu, hapa mko nyumbani. Anayehudhuria muhula wa kwanza na kutoweka muhula wa pili mnamjua kwa jina. Watengenezaji wa programu nao huhesabu watoro wao kila mwezi, lakini wengi huificha hesabu hiyo nyuma ya jumla kubwa.

Dawa ya maficho hayo ni neno la tano, rika. Tuseme Januari wameandikishwa watu 1000, Februari 1000, na Machi 1000. Jumla ni 3000, na mchoro ukutani unapanda kila mwezi. Sasa litazameni kila rika peke yake. Ikiwa miezi mitatu baada ya kuandikishwa kila rika hubakiwa na watu 200, basi huo mchoro unaopanda ni kiini macho. Wahenga walisema kuvuja kwa pakacha ni nafuu ya mchukuzi. Ni kweli, mwenye kutoa taarifa hupata nafuu. Lakini hasara ni ya mwenye mzigo, na katika kazi za umma mwenye mzigo ni mwananchi.

Taifa letu lilikwisha kulielewa jambo hili kabla ya programu hizi kuwapo. Katika mtihani wa taifa wa kisomo wa mwaka 1975 ziliwekwa hatua 4. Aliyeandikishwa na kuhudhuria madarasa tu alikuwa katika hatua ya kwanza, na hakuhesabiwa kuwa amejua kusoma. Hatua ya nne ilikuwa ya yule awezaye kutumia kisomo chake katika shughuli zake za kila siku. Hicho ndicho tulichokiita kisomo chenye manufaa. Kufikia mwaka 1986 wasiojua kusoma walitajwa kuwa kiasi cha asilimia 10. Sensa ya mwaka 2002 ikakuta watu wazima wasiojua kusoma wamekaribia 3 katika kila 10. Sababu ni nyingi, na ugumu wa uchumi wa miaka ya 1980 umo ndani yake. Hata hivyo funzo liko wazi: ushindi usipolindwa hupotea.

Neno la mwisho ni uchambuzi, yaani kukusanya na kupima nyendo za watumiaji. Daftari la mahudhurio huitwa mbele ya darasa zima, na kila mtoto hujua kwamba ameandikwa. Programu huandika kimya kimya. Ndiyo maana Kenya ilitunga sheria ya kulinda taarifa binafsi mwaka 2019, na Tanzania mwaka 2022. Basi tuhesabu kile tu kinachotusaidia kumhudumia mtu, naye ajue kwamba anahesabiwa.

Ndugu Mwenyekiti, namalizia kwa ombi moja. Kila taarifa ya programu mpya katika ofisi zetu iwe na safu tatu: walioandikishwa, waliotumia mwezi huu, na wale ambao bado wanatumia miezi sita baada ya kuandikishwa. Safu ya tatu ikiwa ndogo, tusiifiche. Mwalimu mwema akiona mtoro hafuti jina wala hajazi alama ya uongo. Hufunga safari hadi nyumbani kwa mtoto, akapiga hodi, akauliza kilichomzuia. Nasi tuwaendee walioziacha programu zetu tukawasikilize, kwa kuwa wao ndio wanaojua mahali zilipowashinda.