Mwajiri, Andika Mapatano

Hotuba iliyosomwa mbele ya wenye maduka, mashine za kusaga na mashamba ya tumbaku, mjini Tabora.

Ndugu waajiri,

Mji wetu huu ulikuzwa na watu wa kazi ya ujira. Kabla ya reli kufika hapa mwaka 1912, mizigo ya kutoka Bagamoyo kwenda Ujiji ilipita Tabora juu ya mabega ya wapagazi, na wengi wao walikuwa Wanyamwezi. Mpagazi alipatana kwanza, ujira wake na posho yake, ndipo akajitwika. Posho ikikatwa njiani, alitua mzigo akaenda zake, na tajiri akabaki porini na mali yake. Basi babu zetu waliyajua mapatano ya kazi kabla hatujatawaliwa.

Wakoloni walipokuja waliyageuza mambo. Kwa sheria yao ya mwaka 1923 ya mabwana na watumishi, kibarua aliyetoroka kazini alihesabiwa mhalifu. Alibeba kipande cha siku 30 za kazi, na siku isiyotiwa alama ilikuwa jasho la bure. Baada ya Uhuru, sheria ya mwaka 1964 ilimnyima tajiri nguvu ya kumfukuza mtu papo kwa papo kama apendavyo. Na leo tunayo Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini, Namba 6 ya mwaka 2004. Lakini wako waajiri ambao mpaka leo wanaishi katika mwaka 1923.

Tuseme bwana mmoja wa Urambo amemchukua kijana kutoka Kigoma kulima na kuchuma tumbaku. Wamepatana kwa mdomo. Msimu ukiisha, bwana asema walipatana kiasi hiki, kijana asema kiasi kile. Nani aaminiwe? Wengi hudhani ni bwana, kwa kuwa ndiye mwenye shamba. Sivyo! Sheria yasema mwajiri amwandikie mfanyakazi maelezo ya kazi anapoanza: kazi gani, wapi, saa ngapi, muda gani, mshahara gani, na asiyeelewa asomewe mpaka aelewe. Mwajiri akishindwa kuonyesha karatasi hiyo, mzigo wa kuthibitisha mapatano unamwangukia yeye. Wahenga walisema: mali bila daftari hupotea bila habari.

Yako na mengine ya kushika. Saa za kawaida za kazi ni 45 kwa juma. Zinazozidi hulipwa mara moja na nusu. Likizo ya mwaka ni siku 28 kwa malipo. Mama aliyejifungua ana siku 84, na akizaa pacha siku 100. Mtoto chini ya miaka 14 haajiriwi kabisa, hata wakati wa mavuno. Kitu kikiharibika, usikate mshahara kwa hasira: mweleze kosa kwa maandishi, umpe nafasi ya kujitetea, na makato yasizidi robo ya mshahara.

Na kumwachisha mtu kazi si kumwambia, "Kesho usije." Lazima iwepo sababu ya haki, na utaratibu wa haki ufuatwe. Anayelipwa kwa mwezi, baada ya mwezi wake wa kwanza, hupewa notisi ya siku 28. Aliyeonewa anazo siku 30 za kupeleka shauri lake kwenye Tume ya Usuluhishi na Uamuzi. Mfanyakazi azijue siku hizo, maana zikipita mlango unakuwa mgumu.

Ndugu zangu, wengine mtasema mimi natetea wafanyakazi tu. Hapana. Karatasi ile ile inayomlinda kibarua asidhulumiwe ndiyo inayomlinda mwajiri mwaminifu asisingiziwe. Anayeiogopa ni yule tu aliyekusudia kupunja. Kwa hiyo, kabla msimu ujao haujaanza, kila mmoja wenu anunue daftari na kalamu, akae na watu wake, waandikiane.