Jina Katika Daftari

(Maneno ya karani wa mgodi mbele ya watu wa Mpala, siku ya Mungu baada ya misa)



Mnanijua. Mimi ni mtoto wa hapa, nimesoma kwa mapadri, na kazi yangu ni kuandika. Kwa kompani ninayotumikia nashika daftari ya wafanyakazi: jina la mtu, la mke wake, la watoto wake. Aliye ndani ya daftari akiugua, nampa karatasi, anakwenda kwa munganga, kompani inalipa. Msidhani ni huruma. Ni sheria ya kazi ya mwaka 2002, inayomwamuru mwajiri kumtibisha mfanyakazi pamoja na jamaa yake.

Basi siku moja niliamriwa kufuta jina la mwenzetu mmoja, maana kazi yake imekwisha. Nikashika rula, nikapiga mstari. Mstari ule ulipita juu ya mke na watoto watatu pia. Majuma mawili hayajapita, mke akashikwa na uchungu, mtoto amelala vibaya tumboni, ikabidi wampasue. Mama na mtoto wakapona, tunamshukuru Mungu. Lakini walipotaka kurudi nyumbani wakaambiwa: lipeni kwanza. Alikaa pale juma tano, mzima kabisa, akilala chini kwa mkeka kwa sababu kitanda kilipewa mgonjwa mwingine, mpaka mumewe alipouza mtumbwi na nyavu za marehemu baba yake. Mahali sitapataja. Wengi wenu mnapajua pengine kama hapo.

Tangu siku ile najiuliza: yule mama alibadilika nini? Hakubadilika kitu. Ni mstari wangu tu.

Ndugu, hapa ndipo shida yetu ilipo. Katika nchi yetu matibabu yalikuja kama posho ya mkubwa. Union Minière ilijenga hospitali kwa watu wake, kwa sababu mtu mgonjwa hachimbi shaba. Gécamines ikarithi. Ilipoanguka miaka ya 1990, hospitali zikaanguka nayo. Na kuanzia mwaka 2003 wafanyakazi zaidi ya 10,000 walipewa fedha kidogo waache kazi, na karatasi ya munganga ikaondoka na kazi. Watu waliozaliwa katika hospitali za kompani wakageuka wageni mlangoni mwake. Upande wa misioni ni vilevile. Mzee Adrian Atiman wa Karema, ng'ambo ya ziwa letu, alitibu watu zaidi ya miaka 60 mpaka akafa mwaka 1956, na hakutafuta mali. Lakini Atiman alikuwa mmoja.

Na sisi wa daftari ni wachache. Mvuvi wa ndagala, mama wa soko, mchimbaji wa mkono anayetafuta dhahabu kwa nyundo yake, hao hawana mwajiri, kwa hiyo hawana karatasi. Hata ile kasha ya serikali, CNSS, inashughulika na uzee, na ajali za kazini, na posho za jamaa. Malaria ya kawaida haimo.

Mtauliza: kwa nini tusichange? Najua jibu lenu, nimelisikia mara nyingi: fedha ataila nani? Si maneno ya wajinga. Wazee wanakumbuka mwaka 1979, serikali ilipofuta noti za zaire 5 na 10, watu wakabaki na karatasi za kuwashia moto. Mtu aliyeonja hayo hawezi kutoa franka zake kwa maneno matamu.

Lakini sikilizeni habari ya Bwamanda, kule Ubangi. Mwaka 1986 watu wa hospitali ya pale walianza kuchangisha wakulima. Walichangisha wakati mavuno yananunuliwa, fedha ikiwa mkononi. Tena waliandika nyumba nzima pamoja, ili mtu asimlete aliye mgonjwa peke yake na kuwaacha wazima nyuma. Aliyelazwa alilipa sehemu ndogo, mfuko ukalipa iliyobaki. Wakulima maskini, si matajiri! Sisi tungechanga wakati ndagala ni nyingi.

Fanyeni hesabu, mfano tu. Nyumba 300 zikitoa franka 2,000 kila mwezi, ni franka 600,000 kwa mwezi. Zinaweza kumtoa mama mmoja pale sakafuni. Kipindupindu kikiingia na wagonjwa ni 50, mfuko wetu utakauka kwa juma moja, hilo siwafichi. Kwa hiyo mfuko mdogo lazima ushikwe na mkubwa. Rwanda ilijaribu katika wilaya tatu mwaka 1999, kisha ikaeneza nchi nzima, na maskini kabisa wakalipiwa. Kwetu sheria ya mifuko ya namna hii, mutueli, imeandikwa tangu mwaka 2017. Mwaka 2023 serikali ilianza kulipia uzazi, Kinshasa kwanza. Vema. Lakini Mpala si Kinshasa.

Fedha ya mgodi nayo ipo. Kodi ya madini, kwa sheria ya mwaka 2018, mkoa hupewa sehemu 25 katika kila 100. Tuuombe mkoa wa Tanganyika, kwa barua yenye majina yetu, utenge kipande cha hiyo kwa wasioweza kuchanga. Na kompani tuziombe neno moja: jina la mtu aliyeachishwa likae katika daftari miezi sita. Mimi karani nasema haliharibu hesabu.

Jumamosi tukutane penye soko ya samaki. Kila mtaa ulete watu wawili, mmoja awe mama, na daftari ya fedha ashike yeye. Mimi nitaandika barua tu, fedha sigusi. Nimesema. Mwenye ulizo asimame.