Nani Aaminiwe, Nani Achungwe?

(Mada iliyotolewa Bombambili, Songea)

Tumekutana hapa Bombambili kutafakari swali ambalo kila siasa hulijibu, hata isipolitamka: binadamu ni nani? Je, ni mwema kwa asili yake, au ni mchoyo wa kuchungwa? Wajamaa wenyewe hawakulijibu kwa sauti moja.

Mwaka 1962 Mwalimu Nyerere alifundisha kwamba ujamaa ni hali ya moyo. Kwake, mtu alilelewa katika jamaa akazoea kugawana. Uchoyo ulitokana na mfumo uliomwachia kila mtu ahangaikie kesho yake peke yake. Wafuasi wa Marx hawakuridhika. Abdulrahman Babu wa Zanzibar, katika kitabu chake cha mwaka 1981, alishikilia kwamba ujamaa haujengwi juu ya kumbukumbu za kijiji cha kale, bali juu ya mageuzi ya uzalishaji wenyewe.

Azimio la Arusha la mwaka 1967 nalo liliongeza tahadhari. Lilimkataza kiongozi kuwa na mishahara miwili, hisa katika makampuni ya kibepari, na nyumba za kupangisha. Maana yake ni kwamba hata mjamaa, akipata cheo, hujaribiwa.

Mfano ulio karibu nasi ni Litowa, humu humu Songea. Vijana wa TANU, akiwamo Ntimbanjayo Millinga, walianza kulima huko pamoja mwanzoni mwa miaka ya 1960, na mwaka 1963 ukazaliwa muungano wa vijiji vya maendeleo vya Ruvuma. Watu waliingia kwa hiari, wakaamua mambo yao mkutanoni, na mapato wakayagawana kwa kadiri ya kazi. Mtu aliaminiwa, lakini kazi yake ilionekana na wenzake. Septemba 1969 Kamati Kuu ya TANU iliuvunja muungano huo.

Mwaka 1973 ikaamriwa kwamba ifikapo mwisho wa mwaka 1976 wakulima wote wawe wamehamia katika vijiji. Mahali pengine nyumba zao zilibomolewa au kuchomwa moto. Hivyo mashaka ambayo Azimio liliyaelekeza kwa mwenye cheo yakamwangukia mwenye jembe. Kisha mwaka 1991, huko Zanzibar, masharti ya viongozi yakalegezwa.

Ndugu wapendwa, sisi tunaamini kwamba mtu ameumbwa kwa mfano wa Mungu, naye ni dhaifu. Kwa hiyo anastahili uhuru, na anapaswa kutoa hesabu. Na aliyekabidhiwa zaidi ndiye adaiwe zaidi. Basi tujichunguze katika vikundi vyetu vya akiba, kamati za maji na jumuiya zetu. Je, tunamkaba mwanachama asiyetoa mchango, huku tukiona haya kumwomba mweka hazina daftari lake?